Gia Kubwa

Gari ninaloendesha siku hizi linajichagulia gia lenyewe. Mwanangu ndiye aliyelinunua, akasema, mama, sasa pumzika, nami nikaitikia kwa adabu, lakini mkono wangu wa kushoto haujakubali mpaka leo. Ukinikuta kwenye foleni pale Mwanza utauona unahangaika juu ya paja, unapapasa, unasukuma kitu ambacho hakipo. Ndivyo ulivyohangaika njia nzima siku niliyokwenda Shishiyu kumzika Mzee Maduhu. Nilichelewa. Nilikuta wameshatoka makaburini, wanaume wamerudi kwenye viti vyao uani, akina mama wako kwenye mikeka karibu na jiko. Nilisalimia, nikataja jina langu, Kabula, kwa sauti ya chini, nikaanza kuvua viatu nitafute pa kukaa pembeni. Mjane wake, ambaye hatukuwahi kuonana naye, alinitazama, halafu akawaambia wenzake, "Mpisheni apite. Huyu ndiye Gia Kubwa." Wanawake wakacheka kidogo, kile kicheko cha msibani kinachojizuia, wakanisogezea nafasi katikati kabisa ya mkeka. Kwa miaka zaidi ya thelathini sikuwahi kumtembelea mumewe hata mara moja. Nilikaa pale nilipowekwa, nikiwa na aibu ambayo wao waliidhani ni huzuni.

Mwaka wenyewe ni ule ambao watu binafsi waliruhusiwa kununua pamba. Bariadi ilikuwa bado wilaya ya mkoa wa Shinyanga, na kila wiki kulikuwa na kitu kipya kinachoingia: sabuni za kunukia, redio za kaseti, suruali za mitumba, na watu wenye mikoba waliolala nyumba za wageni wakiulizia njia za vijijini. Nilikuwa mpiga chapa wa ushirika. Walipoanza kutupunguza niliondoka kabla sijaondolewa, maana nilikuwa na miaka ishirini na miwili na sikuweza kukaa mahali ambapo watu wazima walikuwa wanashinda wakitazama mlango. Nikaajiriwa na mnunuzi mmoja wa pamba tuliyemwita Bosi Shija, Msukuma aliyekulia Dar, mwenye mikono ya shati iliyokunjwa daima kana kwamba anakwenda kunawa. Alinipa chumba cha uani, upande wa pili wa sebule yake, tumetenganishwa na ukuta wa mbao. Chumbani nilikuwa na kitanda cha kamba, meza, taipureta ambayo herufi "a" ilikuwa inakwama, na harufu ya mbegu za pamba isiyotoka hata ukideki mara mbili kwa siku. Nilideki mara tatu. Sikuwa msafi kiasi hicho, ila sikujua mtu akimaliza kazi anafanya nini na miguu yake.

Kisha likaja gari. Bosi alilifuata mwenyewe bandarini, gari la Kijapani lililokwisha tumika, jekundu, la milango miwili, limeinama mbele na tumbo lake liko karibu na ardhi kuliko gari lolote tulilopata kuliona. Siku ya kwanza lilipita sokoni, wauza nyanya walisimama. Watu wakaliita Kenge, na jina likakubali mara moja. Lilikuwa na gia tano, zimechorwa kwa rangi nyeupe juu ya kirungu cha kubadilishia, na viti viwili vya nyuma ambavyo hata watoto wangelalamika. Hapo ndipo nilipokuwa ninakaa mimi tulipokwenda vijijini, magoti kidevuni, daftari tumboni. Ukimuuliza Bosi kwa nini gari kama lile lipite kwenye udongo mweusi wa kwetu, atakujibu kwamba wakulima wamezoea kukopwa, sasa wakimwona anashuka kwenye chombo kile watajua hana njaa. Nadhani aliamini. Yeye mwenyewe hakuthubutu kuliendesha mbele za watu, kwa sababu lilikuwa linamzimikia kila anapoondoka, na bosi wa kuzimikiwa na gari mbele ya mnada wa ng'ombe hana tena ubosi.

Aliyepewa ni Mzee Maduhu. Alikuwa ameendesha lori la ushirika kwa miaka mingi kuliko umri wangu, akibeba pamba hadi jineri, kiwanda cha kuchambulia pamba, na lori lilipoegeshwa juu ya mawe naye akaegeshwa. Alikuwa mfupi, mwenye kifua kipana, na mfuko wa koti lake haukukosa michembe, vile viazi vikavu alivyovitafuna njia nzima kwa sauti. Alijiona fundi, na kweli alikuwa fundi, ila wa lori. Lori nguvu zake ziko chini, linapokoroma taratibu; unalipandishia gia mapema, mbili, tatu, nne, kabla halijachoka. Kenge nguvu zake zilikuwa juu. Ukiwahi kuliwekea namba tatu lilitetemeka na kukosa pumzi. Lilitaka uliache kwenye namba mbili huku injini inapanda, inapanda, unaona kabisa sasa itapasuka, ndipo uweke tatu, nalo linaruka. Mzee hakuivumilia ile kelele. "Halijabeba kitu," alikuwa akisema, "sasa linalia nini?" Na Bosi, pembeni yake, "Mzee, liache lilie! Ndo raha yake hiyo. Unaliendesha kama trekta bwana." Mzee akaongeza mchembe mdomoni. Mwezi wa pili akasagisha meno ya gia mara moja sokoni, kosa dogo, lakini watu walisikia, na usiku ule kupitia ukuta wa mbao nilimsikia Bosi akimwambia wazi: "Ukirudia kuniharibia gia boksi, mzee wangu, unarudi Shishiyu kuchunga. Ninachokwambia kwenye gari, fanya. Usifikiri, fanya." Mzee alikuwa na mke, mashamba yaliyochoka na umri ambao hakuna tena mtu angempa usukani. Kazi ile ndiyo ilikuwa ya mwisho, na sisi wote watatu tulilijua hilo.

Mimi ndiye niliyemwomba anifundishe. Alidhani natania. Halafu Jumapili moja, Bosi yuko Mwanza, akaniambia, "Haya, ng'wanone, mwanangu, njoo tuone hiyo miguu yako isiyotulia kama ina kazi." Tulikwenda kiwanja cha nyuma ya jineri, ambako wakati wa kiangazi hakuna kitu ila vumbi na nyuzi za pamba zilizonasa kwenye miiba. Hakunionyesha breki kwanza, wala usukani. Alichukua mkono wangu wa kushoto, akauweka juu ya kirungu, akaweka wake juu, akasukuma mbele upande wangu wa mbali. "Hii ndiyo gia kubwa," akasema.

"Si namba moja hii?"

"Namba moja ndiyo. Gia kubwa."

"Baba, kubwa vipi wakati ndiyo namba ndogo kuliko zote?"

Alinitazama kama nimeuliza kwa nini ng'ombe ana pembe. "Ukiwa na marobota nyuma na mlima mbele, ni nani anayekubeba? Tano? Tano ni mtoto wa mjini, anakimbia akiwa hana mzigo. Inayobeba ni hii. Mteremko mkali, gia kubwa. Mlima, gia kubwa. Tope, gia kubwa. Mkubwa ni yule anayebeba." Kisha akanifundisha lile ambalo kwa lori lilikuwa kila kitu: kurudi gia ya chini gari likiwa bado lina mwendo. Unakanyaga klachi, unaitoa gia, unaachia klachi, unagusa mafuta kidogo injini inyanyuke, unakanyaga tena, ndipo unaingiza, na gia inaingia yenyewe. Hakuna gia iliyomkatalia mtu yule. Mimi nilijifunza haraka kuliko alivyotaka, na haikuwa kwa sababu ya akili. Sikuwa na lori la kusahau. Kenge alipolia nilimwacha alie, kifua changu kikilia naye, na nilipoweka tatu kwa wakati wake nilicheka kwa sauti peke yangu. Mzee hakucheka. Alisema nimefanya vizuri, akatazama dirishani mpaka tuliporudi.

Wiki ileile Bosi alikuwa na wageni. Nilipika mimi, wali na kuku wa kienyeji, nikapeleka, nikarudi chumbani kwangu kula ugali kwa mlenda nikisikiliza maongezi yao, maana ukuta ule haukuwa na siri. Walikuwa wanasifu gari. Bosi akasema, "Ukishaliweka gia kubwa, ile tano, bwana wee, hulisikii tena. Linaelea." Nilisimamisha tonge. Nikatambua kwamba watu hawa wawili, Bosi na Mzee, wanaokaa bega kwa bega kila siku ndani ya gari lile, neno moja wanalitumia kwa maana mbili zinazopishana kabisa, na hakuna anayejua isipokuwa mimi. Lilinichekesha. Nilisema kesho nitawaambia, tutacheka wote. Kisha nikamsikia mgeni akiuliza kama yule mzee anaweza gari lenyewe, na Bosi akavuta pumzi. "Hawezi. Kuna karani wangu, kabinti, fundi mmoja ameniambia amekaona uwanjani kanaliendesha, anasema ni moto. Angekuwa mwanaume ningeshampa." Kesho yake sikuwaambia. Wala keshokutwa. Nilijiambia kwamba halijatokea lolote, kwa nini nijifanye mwalimu wa wakubwa.

Nimejaribu mara nyingi, hasa tangu nimezeeka, kukaa karibu na msichana yule na kumwuliza alikuwa anataka nini hasa. Si fedha, kwa sababu mshahara wa dereva haukuwa mkubwa kuliko wangu. Nadhani alitaka kutoka kwenye kiti cha nyuma. Nilikuwa ninaamka na mapigo ya moyo yanayokwenda mbio bila sababu, ninapiga barua tatu na kuchana mbili, ninasimama mlangoni, ninarudi. Mabasi ya Mwanza yakipiga honi alfajiri nilihisi yananiita kwa jina. Mwanamke wa Bariadi kushika usukani wakati huo lilikuwa jambo la kusimamisha njia, nami nilitaka kuisimamisha njia. Nalisema bila kulipamba: nilitaka kiti cha Mzee Maduhu, na nilikitaka huku nampenda.

Ilitokea katikati ya msimu wa kununua, barabara ya Maswa. Tulikuwa tunawahi kijiji kimoja ambacho mnunuzi mwingine alikuwa anakiwania, na mbele yetu, katika vumbi lake mwenyewe, tukaiona pikapu yake. Mzee alikuwa kwenye namba tatu. Barabara inashuka pale mteremko mrefu hadi mto wa mchanga, na ng'ambo ya mto inapanda. Bosi alitaka tumpite kwenye mteremko, kabla ya mto. Akajiinua kitini, akapiga dashibodi kwa kiganja. "Gia kubwa, mzee! Weka gia kubwa!" Mimi kutoka nyuma nililiona shavu la Mzee likiacha kutafuna. Mteremko, mto mbele, na mwenye gari anapiga kelele gia kubwa: kwa dereva wa lori hakuna maneno yaliyonyooka kuliko hayo. Labda Bosi ameona kitu. Labda kuna ng'ombe mtoni. Hata hivyo alisita, nina hakika alisita, akageuza macho kidogo. "Fanya, mzee! Gia kubwa!"

Akafanya. Na hapa ndipo ninapoumia kila nikikumbuka, kwamba dereva wa kawaida asingeweza. Kwa mwendo ule namba moja ingemgomea, ingepiga kelele na kumrudisha. Lakini Mzee Maduhu alikanyaga klachi, akaitoa, akaachia, akagusa mafuta, akakanyaga tena, na gia ikaingia bila hata mkwaruzo. Alipoachia mguu, injini ilitoa sauti ambayo sijawahi kuisikia tena, magurudumu ya nyuma yakakwama, tukazunguka, tukaingia kwenye pamba ya watu na kusimama tukitazama tulikotoka. Palikuwa na harufu ya oili iliyoungua. Mafuta meusi yalikuwa yanatiririka chini ya Kenge juu ya pamba nyeupe. Hakuna aliyeumia sana, ila Bosi alichubuka kipaji cha uso, na pikapu ile ilikuwa imeshavuka mto.

"Nimekwambia gia kubwa!" Bosi akafoka.

"Na nimeweka gia kubwa," akasema Mzee.

"Unanifanya mimi mjinga?"

"Yaya, bosi, hapana. Umesema gia kubwa, nimeweka gia kubwa."

Bosi akageuka. Mimi nilikuwa ndiyo kwanza ninajitoa kwenye kile kiti cha nyuma, goti linavuja damu kidogo. "Karani, we ulikuwepo. Nimesema nini?"

"Umesema gia kubwa, bosi."

Mzee aliachia pumzi. "Unaona? Mtoto amesikia," akasema, na akanitazama kwa shukrani kubwa ambayo mpaka leo inanikosesha usingizi.

"Na yeye ameweka ipi?" akauliza Bosi.

Nilijua. Sikuhitaji ujasiri, nilihitaji maneno machache tu: bosi, kwa watu wa lori hiyo ndiyo gia kubwa. Yalikuwa mdomoni tayari, tangu ule usiku wa wali na kuku yalikuwa mdomoni. Nikaangalia kiti cha dereva, mlango wake uko wazi. "Ameweka namba moja," nikasema.

Majibu mawili, yote ya kweli. Kila mmoja wao alisikia shahidi wake. Bosi akasema basi, imekwisha, na Mzee akarudi garini kuchukua koti lake, akalipigapiga kutoa vumbi, akaja niliposimama. Nilidhani atanitukana. Akatoa michembe miwili, akaniwekea mkononi. "Wabeja, ng'wanone," akasema. Asante. Akaanza kushuka mteremko kwa miguu kuelekea Maswa, hatua fupifupi, kwenye gia yake kubwa, na mimi sikumwita.

Kenge alivutwa na trekta hadi mjini, akapelekwa Mwanza, akarudi na gia boksi nyingine, na Bosi akanitupia ufunguo bila kusema chochote kuhusu mwanaume wala mwanamke. Sitasema uongo kwamba sikufurahi. Nilisimamisha njia. Wasichana wa shule walinikimbilia, wazee wakiegemea fimbo zao waliuliza ni mtoto wa nani. Niliijua namba mbili inavyopaswa kulia na tano inavyoelea, na kwenye kila mteremko, bila kufikiri, mkono ulirudi gia ya chini kama nilivyofundishwa. Hapo ndipo nilipomsikia Mzee akitafuna. Nilijitahidi kupita mbio. Msimu ulipokwisha Bosi aliliuza gari, na mimi nikapanda basi la Mwanza la alfajiri, nikaendesha magari ya watu wengi, nikaolewa, nikazaa, sikutulia. Kutoka Mwanza hadi Shishiyu si mbali. Kila mwaka nilisema mwaka huu nitakwenda.

Msibani, watu walipopungua, nilimfuata mjane jikoni. Alikuwa anasonga ugali wa mtama, ananyanyua mwiko kwa mikono miwili. Nikamwuliza kwa nini ameniita vile.

"Si mimi, ni yeye," akasema. "Kila akisimulia habari ya lile gari. Alisema, siku ile walinifukuza, mtu mzima mwenye mali hakukubali alichokisema, lakini Kabula alisimama akamwambia, umesema gia kubwa. Mtoto wa kike, na kibarua chake chenyewe kiko kwa huyohuyo. Akasema, yule ni gia kubwa. Anabeba." Alipakua, akanisogezea sahani na bakuli la maziwa ya mgando. "Alikuwa akikusubiri uje. Si kwa ubaya. Alisema una mambo mengi."

Ningeweza kula, nikanyamaza, nikaondoka na jina lile. Nilikuwa nimeshafanya hivyo mara moja. "Mayu, mama yangu," nikasema, "yeye hakukosea. Aliweka gia aliyoambiwa. Bosi alikuwa na maana yake, naye alikuwa na yake."

"Hilo tunalijua. Kwani kuna aliyesema alikosea?"

"Nilizijua zote mbili. Nilizijua kabla. Waliponiuliza, nilisema nusu. Ile nusu nyingine niliiacha kwa sababu nilitaka kile kiti."

Mwiko ulisimama. Nje mtu alikuwa anaita ndama arudi. Mama yule hakunitazama kwa hasira. Alinitazama kama anatafuta mahali pa kuweka kitu kizito na hapaoni. Baadaye akaukwangua mwiko kwenye ukingo wa chungu, polepole, akauweka.

"Kula," akasema. "Safari yako ni ndefu."

Nilikula chote. Alinisindikiza mpaka kwenye gari, akanishikia mlango, akasubiri nijifunge mkanda. Alinishukuru kwa kuja kumzika mumewe, akanitakia njia njema, na akaniita Kabula.